Koromeo la Baba

Kila mwaka, kidato cha tano wakishazoeana na kupeana majina ya utani, huwachorea ubaoni kichwa cha mtu kilichopasuliwa katikati. Si mchoraji mimi. Pua hunitoka ndefu kupita kiasi, wanafunzi hucheka, nami huwaacha wacheke kwa sababu fonetiki ni somo kavu na mwaka bado mrefu. Kisha naanza kutaja: midomo, meno, ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini, kimio. Wanaandika. Chaki inashuka mpaka shingoni, na hapo huwapa mgongo kwa muda mrefu kuliko mchoro unavyohitaji.

"Koromeo," nasema nikiwa nimeuelekea ubao. "Liko juu ya bomba la hewa. Ndani yake mna nyuzi za sauti. Hewa ikipita na nyuzi zikatikisika, mtu hupata sauti."

Halafu huwaambia waweke vidole shingoni watamke z, kisha s. Kwenye z shingo inatetemeka, kwenye s imetulia tuli. Darasa zima linavuma, wengine wanashikana shingo wao kwa wao kwa mizaha, nami nawakemea kidogo tu. Wanadhani zoezi hilo nimelitoa chuo kikuu. Nililijua kabla sijaota meno ya pili, barazani kwetu Chumbageni, kwa baba yangu, mwalimu wa Kurani. Baba huyo ndiye aliyekuja kukatwa koromeo akaishi bila sauti mpaka mwisho wake. Katika muda huo wote hofu yake ilikuwa moja: atatamkaje shahada, lile tamko la imani, siku ya kufa?

Neno koromeo nililisikia kwanza mbele ya kuku. Mtaani kwetu kila mwanamume Mwislamu anaweza kuchinja, lakini watu walimpenda baba kwa kazi hiyo kwa sababu kisu chake kilikuwa kikali na mkono wake haukurudia. Jirani yetu, Msambaa wa Kilutheri aliyezaliwa kambi ya mkonge, alimleta jogoo wake kila Krismasi. "Mwalimu, nichinjie, wageni wangu wapate kula wote." Baba alinipa mimi mabawa niyashike, akamwelekeza jogoo kibla, akayasogeza yale manyoya ya shingo kwa kidole gumba.

"Unaliona hili? Hili koromeo. Nyuma yake umio. Vikatike vyote viwili, ukiacha kimoja umefanya mzoga."

Nilikuwa nikifumba macho. Yeye akasema bismillah kwa sauti ya wazi, kama vile anamsomesha na kuku, na kazi ikaisha.

Koromeo la pili lilikuwa la barazani. Baada ya sala ya alasiri watoto wa mtaa walijaa kwenye majamvi, kila mmoja na juzuu yake, na kelele zao zilifika mpaka barabara kuu. Kwenye herufi za kooni ndipo palipokuwa na kazi. Sisi Waswahili h yetu ni moja, tunaitoa popote inapopata nafasi, lakini Kiarabu kina moja itokayo chini kabisa karibu na kifua na nyingine ya katikati ya koo, na aliyezichanganya mbele ya baba alikuwa na jioni ndefu. Baba aliweka vidole viwili kwenye koromeo lako, taratibu, ukasoma huku vidole vipo. Ukikosea, viligonga kidogo. "Shuka chini. Mbona unasimama mlangoni?" Ukirudia ukakosea tena, viligonga tena. Ukipatia, hakusema vizuri wala mashaallah. Aliinua vidole tu, nawe ukajua umepita. Nimepata vyeti kadhaa maishani, viko kabatini vinaliwa na mende. Hakuna kilichonifurahisha kama kuinuliwa vidole vile.

Sauti yake ilianza kukwaruza baada ya Ramadhani moja. Tukasema ni tarawehe, amesalisha mwezi mzima, atapoa. Hakupoa. Mama akamchemshia tangawizi, akampa asali na habasoda. Kila mgeni alikuja na dawa yake na kisa cha shemeji yake aliyepona. Kaka yangu, muuza vipuri wa Makorora, mtu wa haraka katika kila jambo, akaleta kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, zioshwe kwa maji na mgonjwa anywe. Baba mwenyewe alikuwa akiwaandikia makombe nusu ya mtaa. Akaigeuza sahani huku na huku, akasema kwa ile sauti iliyobaki, "Aliyeandika hapa mwandiko wake mbovu." Kisha akanywa yote, akalamba na ukingo.

Mwishowe tulimpeleka Dar es Salaam. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, akaamkia shikamoo na kungoja marahaba kabla ya kuketi. Akatueleza pole pole kwamba uvimbe umelishika koromeo, na kwamba ni saratani. Likiondolewa, mzee anaweza kuishi. Ila hatasema tena.

"Koromeo lote?" baba akauliza.

"Lote, mzee wangu."

Baba akajishika shingo. Akacheka, kicheko kilichokwaruza mpaka nikatamani akiache. "Nimekata makoromeo ya kuku wa Chumbageni nzima," akasema. "Leo kuku ni mimi."

Daktari hakujua acheke au asicheke. Mimi nilitoka nje, nikasimama kwenye mabomba ya kunawia mikono, nikalia huku maji yanamwagika bure. Mama mmoja aliyekuwa akifua kanga akanifungia bomba.

Tukarudi Tanga kushauriana. Kaka alitaka akatwe kesho yake. Baba hakukataa wala hakukubali. Alikaa barazani, akisomesha kwa sauti iliyokuwa ikizidi kupungua. Nilimkasirikia. Nilidhani ni kiburi cha walimu, maana nakijua, ninacho. Siku moja watoto walipokwisha kutawanyika akanionyesha jamvi, nikakaa.

"Nimewatamkisha watu wengi shahada," akasema. "Nakaa kichwani pa mgonjwa, natamka, naye anafuata. Wengine wametamka wazi kama wanaagiza maji. Wengine wamekwama. Nawakumbuka waliokwama, mwanangu. Sasa mimi, nikifika pale, nitatamka na nini?"

"Baba, si wewe uliyetufundisha kwamba asiyeweza hutikisa midomo, na moyo unatosha?"

"Nilifundisha, na ni kweli." Akavuta pumzi. "Lakini niliyafundisha ya watu wengine."

Kiburi hakikuwepo. Ilikuwa hofu, na baba yangu sikuwahi kumwona na hofu, si kwa nyoka, si kwa njaa. Akaenda hadi Pangani, akavuka mto kwa kivuko kumuuliza shehe aliyemsomesha ujanani, mzee asiyetoka tena kitandani. Shehe akamwambia yale yale: Mwenyezi Mungu hangoji sauti ya mtu. Baba akarudi na jibu hilo pamoja na kikapu cha nazi, na utulivu hakurudi nao.

Aliyeyamaliza ni mama. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna zile nazi za Pangani, wala hakusimamisha mkono.

"Mimi sikuolewa na sauti," akasema. "Niliolewa na mtu. Nenda ukakatwe, urudi. Na hiyo shahada inayokunyima usingizi, watoto wako watakutamkia. Uliwazaa wa nini?"

Baba akasimama. Akasema, "Haya." Tukaanza kufunga mizigo.

Jioni ya kabla ya kupasuliwa alituita mmoja mmoja karibu na kitanda. Nilijiandaa kwa wosia. Kumbe alikuwa akitutaja majina tu, jina, na la kwake, na la babu, na la baba wa babu, mpaka alipoishia kujua. Alimtaja mama hivyo hivyo, na ukoo wake wote wa Kibondei. Kisha akanishika mkono, akasema neno lake la mwisho kwangu duniani:

"Kamwambie nesi chai yao haina sukari."

Nilikwenda nikamwambia. Niliporudi amekwisha kufungwa kanga ya hospitali, anaangalia dari.

Alipoamka alikuwa na tundu chini ya shingo, hewa inapita humo, na mdomo umebaki wa kulia chakula. Akaomba kalamu kwa mkono. Akaandika, manesi wakakusanyika, wakaigeuza karatasi juu chini. Baba alikuwa ameandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, kama alivyoandika maisha yake yote. "Huyu mzee anaandika dua," mmoja akasema, "tumwache amalize." Kumbe alikuwa anataka mto wa pili. Nilicheka mpaka nikaona aibu. Yeye naye akacheka, na hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea, kwa sababu mabega yalitikisika, macho yakajaa machozi, na chumbani hapakusikika kitu.

Tulirudi Chumbageni tukidhani la kujifunza ni kusafisha tundu na kubadilisha kitambaa. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa salamu. Mtoto anapita, anaona mwalimu barazani, anasema "Shikamoo, Maalim," halafu anasimama. Anangoja. Hakuna mtoto wa Tanga anayeondoka na shikamoo isiyojibiwa, ataona amekosea. Baba alikuwa akiinua mkono, lakini mkono si marahaba, na mtoto angesimama pale akibadilisha mguu wa kushoto na wa kulia. Mwishowe mama akaanza kuitikia kutoka ndani. "Shikamoo, Maalim," na dirishani inatoka sauti ya mwanamke: "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Mtaa ukalizoea. Mimi sikulizoea kamwe. Kila niliposikia nilijifanya natafuta kitu chumbani.

Tena walikuwako wageni. Watu wazima, wenye akili zao, wakifika kumjulia hali walimpigia makelele kama kiziwi. "MAALIM! UNAENDELEAJE?" Nilikuwa nawaambia: kilichoondoka ni sauti, masikio yapo. Wanaitikia ndiyo ndiyo, wanageuka, wanapiga makelele upya. Baba alinikonyeza nisiendelee. Alikuwa na subira, mimi sikuirithi.

Wazazi wakaanza kuwahamisha watoto, mmoja mmoja, kwa adabu. Huyu amesogea karibu na shangazi yake, yule vipindi vyake vya shule vimebadilika. Sikuwalaumu. Nani atajifunza kusoma kwa mwalimu asiyesikika? Majamvi yakabaki mapana. Nikawa nikitoka shuleni napitia kwetu, nakaa pembeni mwa baba, mimi nikawa sauti. Nilisoma aya, watoto wachache waliobaki wakafuata, na baba akapita akiweka vidole vyake viwili makoromeoni. Akagonga. Akainua. Kazi ile ile, ila ukali wa "shuka chini" ukawa ni wangu kuutamka, na watoto walijua ni wa kuazima. Baadhi ya siku aliniwekea vidole na mimi, mwanamke mzima mwenye watoto, mwalimu wa kidato cha tano. Akanigonga pia. Kwenye ile h ya katikati ya koo nimekuwa mvivu tangu utotoni.

Krismasi ikaja, na jirani na jogoo wake. Alimleta kwa baba bila kuuliza, kama kila mwaka, na nadhani alifanya hivyo kwa heshima. Baba akakipokea kisu. Akamgeuza jogoo, akayasogeza yale manyoya kwa kidole gumba, akaangalia palipo koromeo. Aliangalia sana. Kisha akaweka mkono wake mwingine kwenye kitambaa cha shingoni mwake, akatikisa kichwa, akampa kaka kisu. Hakuchinja tena, wala hatukumwomba. Jirani akarudi kwake na nyama yake, na mwaka uliofuata alimpelekea mtu mwingine.

Ugonjwa ulirudi kama madaktari walivyotuonya kwamba unaweza. Safari hii hapakuwa na mjadala. Alikonda, akaacha kushuka barazani, mama akamtandikia chumba cha mbele ili asikie watoto wakipita. Bado walikuwa wakiamkia dirishani, na mama bado akiitikia.

Asubuhi ile nilikuwa natoka kwenda shule. Mama akasema kwa utulivu, "Leo usiende." Nikavua viatu. Kaka akaja kutoka Makorora, mikono yake ina grisi, akanawa, akakaa miguuni akaanza Yasini. Anasoma haraka, kaka, kama anavyofanya kila kitu, na kwa mara ya kwanza nilimwona akijizuia, akipunguza, akirudia neno. Baba alikuwa macho. Pumzi ilikuwa inaingia na kutoka tunduni kwa mlio mwembamba, na macho yake yalizunguka chumbani, kwa mama, kwa kaka, kwangu. Niliijua ile hofu. Ndiyo ile ya jamvini.

Kaka alipomaliza, nikasogea kichwani. Mahali pale si pa kawaida pa mwanamke kwetu akiwapo mtoto wa kiume, na kaka angeweza kusema. Alinipisha. Nikainama nikaanza kutamka, nikamwona baba anahangaisha mkono juu ya shuka. Mama akadhani anataka maji. Kaka akadhani anataka kugeuzwa. Mkono ukapanda, ukanigusa kidevu, ukateremka, vidole viwili vikakaa kwenye koromeo langu.

Nikatamka shahada. Sehemu ya kwanza ilipita. Nilipofika kwenye jina la Mtume, kilio kilinikaba, ile h yake ya katikati ya koo ikanitokea mdomoni tu, nyepesi, ya mlangoni. Baba akanigonga.

Kidogo sana, hata mama hakuona. Lakini aligonga. Mtu anakufa, na bado ananiambia shuka chini. Nikameza kile kilio, na sijui nilikimeza vipi. Nikaanza upya tangu mwanzo, taratibu, kila herufi mahali pake, kwa sauti ya wazi kama anayeagiza maji. Midomo yake ikawa inafuata. Nilikuwa naitazama. Kila nilipotamka ilitamka, na mtetemo wa shingo yangu ulikuwa ukipita kwenye vidole vyake, na macho yakatulia mahali pamoja. Nikafika kwenye jina, nikalitoa linakotakiwa kutoka. Nikamaliza.

Vidole vikaniacha.

Kaka alimfumba macho. Mama akakaa chini ukutani, akaivuta kanga yake usoni, na dirishani mtoto anayechelewa shule akapita akasema, "Shikamoo, Maalim." Hakuna aliyeitikia. Nilisikia miguu yake imesimama, inangoja, na mwishowe nikasema mimi, "Marahaba."

Tangu siku hiyo mimi na mama hatujakubaliana. Yeye alikuwa upande wa pili wa kitanda, na husema roho ilipotoka mkono ulianguka wenyewe, kama mikono yote inavyoanguka. Huenda ameona sawasawa. Lakini shingo ilikuwa yangu, na vidole vile nimevijua tangu utoto. Havikuanguka. Aliviinua.